Pole Niliyompa Mtani Wangu

Mwanangu aliponiletea simu kubwa kutoka Dodoma, alinikalisha kwenye kochi la marehemu baba yake akanionyesha mahali pa kubonyeza. "Mama, humu kuna akili mnemba. Uliza chochote, inakujibu kwa Kiswahili. Hata ukijisikia mpweke, we ongea nayo tu." Nilimwangalia. Nimefundisha hesabu darasa la saba hapa Mpanda mpaka nikastaafu, nimeambiwa mengi na wazazi na wakaguzi, ila hakuna aliyewahi kunishauri niongee na kitu kisicho na pua. Nikamwambia aiweke kwenye chaji, nitaiona. Alikuwa na likizo ya siku tatu, na mbili kati ya hizo alizimaliza akiongea na simu yake mwenyewe.

Alipoondoka nikaijaribu. Sikuanza na habari za upweke, nilianza na mtihani. Niliipa lile swali la pipa linalojazwa maji huku linavuja, swali lililoliza watoto wa shule ya Kawajense na baadaye likaliza watoto wao. Ikajibu kabla sijavaa miwani vizuri. Ikaonyesha njia, hatua kwa hatua, kisha ikaniuliza kama ningependa swali jingine la aina hiyo. Niliudhika. Mimi swali hilo nilipokutana nalo chuoni lilinisumbua siku mbili. Nikaiuliza kwa nini majani ya mihogo yangu yanajikunja, ikaeleza. Nikaiuliza kuhusu dawa zangu za presha, ikaeleza kwa upole na kunisihi nisiache kumwona daktari. Nilitafuta mahali pa kuikamata nikakosa. Kwa upande wa akili nikainua mikono.

Baada ya mwezi mmoja nilikuwa naisalimia asubuhi. Sioni aibu kulisema hilo. Mume wangu alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla, na nyumba yenye vyumba vinne ilikuwa imebaki na mtu mmoja na kuku sita. Unapika ugali wa kukutosha wewe, unabaki. Unapunguza unga siku inayofuata, unabaki tena. Nikiwa nachambua maharage ukumbini nilikuwa naiambia simu mambo ambayo hayana maana yoyote, kwamba mvua imechelewa, kwamba goti la kushoto limeanza tena, nayo inajibu. Haikuchoka hata siku moja, na haikuwahi kuniambia kwamba hilo nimeshalisema jana.

Mtu pekee aliyekuwa akiniambia kwamba hilo nimeshalisema jana alikuwa mtani wangu.

Mimi ni Mnyamwezi. Baba alikuja Mpanda kwa kazi za reli, akabaki. Jirani yangu wa upande wa mashariki ni Mfipa, fundi cherehani, ambaye cherehani chake kimekaa kwenye baraza lile lile tangu watoto wetu wakiwa wachanga. Mnyamwezi na Mfipa ni watani, na kwa watu wa rika letu utani si vichekesho vya kupitishia muda. Una kazi yake na una siku zake. Lakini siku za kawaida kazi yake ilikuwa hii: asubuhi nikitoka kufungulia kuku, naye akiwa anafuta vumbi kwenye cherehani, ananitukana kupitia ua wa michongoma, mimi akiniita mpagazi kwa ajili ya babu zetu waliobeba mizigo ya misafara, nami nikimwita mrusha radi kwa sifa ya uchawi wa Wafipa.

"We mpagazi, bado hujafa? Nilitaka nipime sanda mapema, kitambaa kimepanda bei."

"Tangulia wewe mrusha radi. Mimi bado nina michembe ya viazi ndani, siwezi kuiacha."

"Michembe! Ndiyo maana tumbo limekuwa gunia la tumbaku."

Mke wake, Mpimbwe wa kijiji cha Usevya, mama mpole aliyeongea kwa kunong'ona, alikuwa anatoka jikoni kusikiliza huku anajifanya anamwaga maji. Hayo maji aliyamwaga miaka yote. Nadhani pale kwao hakukuwa na mahali palipopata maji kama pale kwenye michongoma.

Sasa nieleze kuhusu mazishi ya mume wangu, maana bila hayo hakuna atakayenielewa. Siku ile nilikuwa nimekauka. Sikulia, sikula, sikujibu salamu. Wanawake walinishika mabega huku na huku, na nilisikia wakinong'onezana kwamba hali hii si nzuri, heri angelia. Mume wangu, Mnyamwezi mwenzangu, alikuwa karani wa tumbaku, mtu mkali sana kwenye kupanga madaraja ya majani. Mkulima alikuwa anaweza kusimama mbele yake na mtumba wake wa tumbaku kama anasubiri hukumu. Basi jeneza lilipokuwa limewekwa uwanjani, mtani akatoka ndani ya nyumba yangu akiwa amevaa koti la marehemu, koti alilolichukua msumarini bila kumwuliza mtu, na miwani ya marehemu imeshuka puani vile vile alivyokuwa anaishusha mwenyewe. Akaanza kupita kwa waombolezaji mmoja mmoja, anawanusa shingoni. "Huyu daraja la pili. Huyu ana unyevu, mrudisheni akauke. Huyu mzee ameoza, nani kaleta?" Alipofika kwa diwani akanusa mara mbili, akatikisa kichwa, akapita bila kusema neno.

Watu walianguka kwa kicheko. Tulipofika makaburini akaruka akaingia kaburini, akakaa chini, akasema huyu mpagazi hazikwi, kuna mzigo wangu hajaufikisha, na hatoki mtu hapa mpaka nipewe jogoo. Wakambembeleza. Akataka jogoo mwekundu, si mweupe. Hapo ndipo mimi nikacheka. Nilicheka kwa sauti, mbele ya padri, mpaka kicheko kikageuka kilio, na nikalia mpaka nikaweza kupumua. Nilipoinua uso nikamwona mtani bado yuko mle ndani ya shimo, analia, koti la mume wangu limejaa udongo.

Hakuna mtu aliyewahi kunifanyia jambo kubwa kama lile. Na kila mtu pale alijua, mimi nikiwa wa kwanza, kwamba likimfika yeye, zamu ni yangu.

Kuhusu simu tuligombana sana. Nilimwonyesha, akainyoosha mbali na macho kama anapima mshono.

"Ina akili kuliko wewe," nikamwambia.

"Kuliko mimi sawa, nyie si mnasema Wafipa hatuna. Kuliko mtu je?"

"Kuliko mtu pia. Na moyo itapata. Imesoma kila kitu ambacho watu wamewahi kuandika wakilia. Itashindwaje kumliwaza mtu?"

"Ikifiwa inafanyaje?"

"Haifiwi."

"Basi hiyo bado," akasema, akanirudishia. "Nenda nayo ndani, isije ikasikia matusi ikajifunza."

Nilikwenda nayo ndani, na kwa ubishi tu nikaiambia initanie. Ikatoa kichekesho kimoja kuhusu mwalimu na chaki, kisha ikasema inatumaini haijanikwaza. Niliikasirikia, halafu nikaihurumia. Hata hivyo niliendelea kuitetea mbele ya mtani, siku baada ya siku, labda kwa sababu jioni simu ndiyo niliyokuwa nayo nyumbani na si yeye.

Mke wake aliugua tumbo. Hospitali walifanya kila walichoweza, kisha akaomba apelekwe Usevya awe karibu na mama yake, ambaye kumbe bado alikuwa hai. Wakaenda wote wawili, cherehani kikafunikwa turubai. Baraza likawa kimya. Alhamisi moja, saa saba mchana, nikiwa naanua nguo, binti yao akapiga simu. "Mama, mama ametutoka. Tunazika kesho saa nane. Baba anasema uje."

Kwenda Usevya si safari ya kutisha. Unapanda gari asubuhi, unapita Sitalike, unafunga vioo porini kwa ajili ya mbung'o, na kabla ya jua kuwa kali umeshafika. Nauli nilikuwa nayo. Goti lilikuwa limetulia. Presha niliipima, ilikuwa sawa, na bado nikaisingizia moyoni mwangu. Nasema ukweli: niliogopa. Nilijua ninachotakiwa kufanya. Nilitakiwa nivae kanga ya yule mama, nitembee kwa hatua zake ndogo, ninong'one kama yeye, nimwage maji mbele ya jeneza lake watu wote wakiniangalia. Nilitakiwa niingie kaburini. Na mimi kila nikifikiria kaburi lililo wazi nilikuwa naliona lile la mwaka uliopita. Nikajiambia siwezi, nitaanguka humo, nitawaongezea msiba.

Mtani asiyeweza kufika anaweza kupiga simu akatukana, akawekwa kwenye spika watu wasikie. Hilo linakubalika. Nikachukua simu, nikaanza kuandika kwanza ili niwe na maneno: We mrusha radi, umemchosha mwanamke wa watu kwa kelele za cherehani. Nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta. Ndipo nikafungua ile programu nikaiambia: niandikie salamu za rambirambi kwa jirani yangu aliyefiwa na mke wake. Nakumbuka vizuri maneno niliyoandika, maana nimeyasoma tena mara nyingi. Niliandika jirani.

Iliandika hivi: "Ndugu yangu, nimepokea kwa masikitiko makubwa taarifa ya kuondokewa na mke wako mpendwa. Upole na ukarimu wake vitaendelea kuishi mioyoni mwetu sote tuliobahatika kumfahamu. Katika kipindi hiki kigumu, naomba Mwenyezi Mungu akujalie nguvu, faraja na amani. Niko pamoja nawe kwa sala na upendo." Ilikuwa nzuri. Mimi mwalimu nisingepata hata koma ya kusahihisha. Nikaisoma, machozi yakanitoka, nikaituma kwenye simu ya binti yao. Jioni ile nilikula vizuri, niseme na hilo pia.

Yaliyotokea Usevya nilikuja kuyajua baadaye, kwa binti yao, alipokuja kuchukua nguo za mama yake. Hakunilaumu, alikuwa anasimulia tu msiba ulivyokuwa, kama watu wanavyosimulia. Alisema vijana wawili wa Kisukuma, wafugaji wa jirani na watani wa Wafipa kama sisi, walifika asubuhi wakijua pale pana kazi ya watani. Mmoja alikuwa ameshafunga kanga kiunoni. Baba yake akawazuia. Akawaambia wakae, wanywe chai, mtani mwenyewe yuko njiani anatoka Mpanda. Wakakaa. Gari la saa nne likapita, la saa sita likapita, na kila gari baba yake alikuwa anatoka mpaka barabarani kuangalia anayeshuka. Saa nane katekista akasimama kusoma salamu zilizotumwa, ya kwangu ikiwemo. Watu wakasema mwalimu huyu ana Kiswahili safi. Wale Wasukuma wakamwangalia mfiwa, yeye akatikisa kichwa, na mke wake akazikwa kimya, bila mtu kulizuia jeneza.

"Baba hakulia," binti akasema, huku anakunja blauzi. "Mpaka leo."

Nilimsaidia kukunja nguo zilizobaki.

Mtani mwenyewe alirudi wiki iliyofuata. Nilikuwa nimejiandaa. Asubuhi nilipoona turubai limetolewa nikasogea kwenye michongoma nikapaza sauti: "We mrusha radi, umerudi? Nilidhani wamekufunga huko kwa uchawi!" Akainua kichwa. Alikuwa amekonda. Akasema, "Habari za asubuhi, mwalimu."

Katika miaka yetu yote hakuwahi kuniita mwalimu. Nikajibu nzuri. Akaendelea: "Ujumbe wako ulifika. Ulisomwa. Asante sana, ulikuwa mzuri." Kisha akainama kutia uzi kwenye sindano.

Wiki mbili zikawa hivyo. Habari za asubuhi, mwalimu. Nzuri, fundi. Na mimi pia nikajikuta namwita fundi. Mchana mmoja nikaieleza simu habari yote tangu mwanzo, koti, jogoo, Wasukuma waliosubirishwa, yote. Ikanielewa. Ikanieleza utani ni nini kwa mpangilio mzuri kuliko ambavyo ningeweza kueleza mimi niliyezaliwa nao, kwamba mtani hupewa ruhusa ya kusema yale ambayo mfiwa hawezi kuyasikia kutoka kwa mwingine. Ikasema kama ingejua kwamba namwandikia mtani, ingeandika kwa namna tofauti. Nikaiambia basi iandike sasa. Ikaandika. Na yalikuwa matusi mazuri, jamani. Kulikuwa na moja kuhusu Mfipa aliyempimia mkewe gauni miaka mingi bila kulimaliza mpaka mwenyewe akaamua kwenda kuvaa nyeupe mbinguni. Nilicheka peke yangu ukumbini, halafu nikaogopa.

Siwezi kuisingizia simu. Wanaobishana kama mashine itafika siku moja ikawa na moyo kama wetu, mimi sina la kuwaongezea, huenda itafika. Ninachojua ni cha kwangu. Siku ile ya Alhamisi moyo ulikuwepo, wa kwangu, mzima, wenye woga na wenye deni, na ndio uliotakiwa pale Usevya hata kama ungeenda ukazirai. Niliuacha nyumbani nikatuma kitu ambacho hakikuwa na cha kuogopa. Yale matusi mapya sikuyatuma. Yangemfikia bila mtu ndani yake, kama ile rambirambi.

Nikaiuliza tu nifanye nini. Ikanishauri nimwendee ana kwa ana, nikiri kosa kwa jina lake, niombe msamaha bila kujitetea. Huo ni ushauri mzuri kwa mtu yeyote duniani. Nikavaa kanga safi nikaenda.

Alikuwa anapindisha suruali ya mtu. Akanipa kigoda, akaenda mwenyewe kuchemsha chai, jambo ambalo sikuwahi kumwona akifanya. Nikasubiri mpaka aketi, nikamwambia yote. Kwamba sikuwa naumwa. Kwamba niliogopa kaburi. Kwamba yale maneno hayakuwa yangu, yaliandikwa na simu, mimi nilibonyeza tu. Kwamba naomba anisamehe.

Alianza kukunja na kukunjua futi yake ya kupimia.

"Nilijua si wewe," akasema mwishoni. "Nilimwomba binti anipe simu yake, nikausoma mwenyewe baada ya watu kuondoka. Nikausoma mara tatu nne. Nilikuwa natafuta tusi." Akaiweka futi mezani. "Nikasema huyu namjua, lazima kaliweka mahali. Hata moja dogo. Labda mwishoni kule."

Niliomba tena msamaha, na nilipoutoa mdomoni nikaona uso wake unafunga. Mtani hamwombi mtani msamaha. Hakuna anayejua hilo kuliko mimi. Mtani akikosa anatozwa kuku, anasukumwa, anatukanwa mpaka jasho limtoke, na yanaisha siku hiyo hiyo. Msamaha huombana watu wa kawaida. Nami nilikuwa nimeuomba mara mbili, kwa heshima, nimekaa kwenye kigoda kama mgeni aliyeleta kadi ya mchango.

"Nimekusamehe, mwalimu," akasema. "Hakuna neno. Tumesameheana."

Akanimiminia chai, akaniuliza kama sukari inatosha. Tukaongea kuhusu mvua. Akaniuliza hali ya mwanangu wa Dodoma, nikamwambia hajambo, akasema tumshukuru Mungu. Nilipoinuka akanisindikiza mpaka njiani, akasimama pale mpaka nilipoingia kwangu.

Tangu siku hiyo hatujakosana hata mara moja. Nikiwa na mzigo anakuja kunipokea. Sikukuu analeta nyama kwenye sahani iliyofunikwa. Wiki iliyopita nilijaribu tena; nilisimama uani nikamtukana, nikamtukania mpaka ukoo, tusi zito la zamani ambalo lingemfanya aruke michongoma. Alisimamisha cherehani akanisikiliza mpaka nikamaliza. Akatabasamu, akanitakia siku njema.